Mkia wa Neno

Nilikuwa napandisha njia ya nyumbani na mkungu wa ndizi begani nilipomwona mwanangu mdogo, Ipyana, juu ya pipa la maji ya mvua. Alikuwa amepanda ndoo iliyopinduliwa, tumbo lake limelala kwenye ukingo wa pipa, miguu hewani. Hata miaka mitatu hajafikisha. Dada yake, Ambwene, alikuwa ameketi kwenye kigoda, hatua chache tu kutoka hapo. Hakuwa amesinzia. Alikuwa anamtazama.

"Ambwene! Mka—"

Tope likanivuta mguu. Nikaanguka pamoja na mkungu wangu, pumzi ikakatika.

"—mate!" Ambwene akamalizia.

Alilitamka vizuri, kwa sauti kali ya darasani. Kisha akatabasamu, akabaki ameketi. Ipyana akatumbukia kichwa mbele.

Sijui niliinukaje. Najua nilimshika vifundo vya miguu nikamtoa, nikampindua, nikampiga mgongoni mpaka akatapika maji na kuanza kulia. Kile kilio kilikuwa kizuri kuliko kwaya yoyote. Nilikaa chini kwenye tope nimempakata, nikamgeukia binti yangu.

"Hukumwona?"

"Nilimwona, mama."

"Kwa nini hukumtoa?"

Alifikiri. Hakuwa na jeuri usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Ningeona jeuri ningejua la kufanya.

"Hukuniambia nimtoe."

"Nimepiga kelele hadi bondeni wamesikia!"

"Ulisema mka. Nikamaliza." Akapeleka kidole nyuma ya sikio lake la kulia, akapapasa. "Nimepata, mama?"

* * *

Nyuma ya sikio kulikuwa na kidonge. Tulikiita hivyo kwa sababu kina umbo la kidonge cha homa, ila hakimezwi, kinabandikwa kwenye ngozi. Kila mtoto wa shule yetu alikuwa nacho, na ukifika darasani kwangu utaona ubao wa taa ukutani, taa moja kwa kila mtoto. Kijani, yuko nawe. Njano, anaanza kwenda zake. Nyekundu, amekwenda.

Tulivipokea kwa shangwe. Nasema wazi, nami nilishangilia. Anayebisha aje afundishe watoto tisini chumba kimoja, mvua ya Tukuyu inapiga bati hadi husikii sauti yako mwenyewe, nusu yao hawajala, robo wanachora magari nyuma ya daftari. Nilisomea stashahada ya ualimu, nikafundishwa mbinu za kuwashirikisha wanafunzi: kazi za vikundi, maigizo, kadi za maswali, makofi ya kilo kwa aliyepata jibu. Zote nilizitumia. Zilifanya kazi kwa dakika chache, kisha mtu anajamba nyuma na somo limekwisha.

Kidonge hakikujali bati wala njaa. Fundi aliyekuja kuvifunga, kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe vilivyomharibikia siku hiyohiyo, alitueleza kwa ufupi. Nyuma ya sikio unapita mshipa wa fahamu. Kidonge kinausikiliza. Mtoto anapozinduka, kinamtekenya kidogo kwa umeme, naye anahisi raha, kama unavyohisi ukipata jibu ulilolitafuta muda mrefu. Mtoto anaipenda hiyo raha. Anazinduka tena ili aipate tena.

"Na kinajuaje muda wa kumtekenya?" nilimuuliza.

"Hatukipangii, mwalimu. Kinajifunza. Kila darasa lina mahali pake ambapo watoto huzinduka zaidi. Kitapatafuta, kitapajua."

Asubuhi iliyofuata lile pipa, nilisimama mbele ya darasa la saba na kwa mara ya kwanza nikaisikiliza sauti yangu mwenyewe.

"Mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa ju...?"

"Aaa!"

"Mizizi hufyonza ma...?"

"Jiii!"

"Na kazi hiyo yote hufanyika kwenye ja...?"

"Niii!"

Taa tisini, kijani kitupu. Sura tisini zimefunguka kama maua. Ambwene, safu ya tatu, alikuwa anang'aa kuliko wote.

Kila aliyesoma nchi hii anajua ufundishaji huo. Unakata neno, unaacha mkia wake, watoto wanaudaka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alifundishwa vivyo hivyo. Unafundisha huku unawasikia wako hai. Fundi alikuwa amesema kweli. Kidonge kilitafuta mahali ambapo watoto wetu huzinduka, kikapakuta: kwenye mkia wa neno. Kikaiweka raha yote hapo. Penginepo pote kikapaacha pakavu.

Nikataka kujua pakavu kiasi gani.

"Nani ataniambia," nikasema, "kwa nini jani hunyauka?"

Nikanyamaza. Sikukata neno wala sikuacha mkia.

Hakuna mkono ulioinuka. Walinitazama mdomo. Si macho, mdomo. Taa zikaanza kuwa njano kutoka nyuma kuja mbele, kisha nyekundu. Ubao mzima ukawa kama jiko la makaa. Hakuna aliyenong'ona, hakuna aliyemfinya mwenzake, hata kikohozi hakikusikika. Watoto tisini wa miaka kumi na mitatu, na chumba kimya kama kaburi.

Nikaogopa. Sikuwa na ujasiri wa kungoja.

"Kwa sababu limekosa ma...?" nikasema.

"Jiii!"

Kijani.

* * *

Mwalimu Mkuu wetu, Mwakibete, ni mtu wa haki ukimkuta ameshiba. Nilimkuta anakunywa chai na kiazi.

"Mkuu, hawawezi kuanza," nikamwambia.

"Kuanza nini?"

"Kitu chochote. Wanamalizia tu. Ukimwambia mmoja alete chaki, ataleta, kisha atasimama na hiyo chaki mpaka umwambie aiweke. Wa kwangu jana amemtazama mdogo wake akizama."

Aliacha kutafuna. "Mtoto mzima?"

"Mzima. Nilifika."

"Ashukuriwe Mungu." Akameza. "Sasa, Mwalimu Subilaga, watoto wa siku hizi wote ndivyo walivyo nyumbani. Wa kwangu ananisalimia akitaka chaji tu."

"Sitanii, Mkuu."

"Nami sitanii. Unakumbuka tulivyokuwa? Mwaka ule walipofaulu wanne? Wanne! Wazazi walikuja hapa na fimbo, si za kuchapa watoto, za kutuchapa sisi. Leo tunaongoza wilaya. Mtihani uko mlangoni, na mtihani wenyewe wanaruhusiwa kuufanya na vidonge. Unataka nivizime sasa?"

"Nataka turudi nyuma kabla hawajawa vitasa vya kungoja ufunguo."

"Ukizima leo, hawa hawajui kusoma swali mpaka mwisho bila kutekenywa. Watafeli wote. Wasichana wataolewa, wavulana watakwenda kuchuma chai ya watu. Hilo ndilo unalotaka uliandike kwa jina lako?"

Hapo hakuwa mjinga. Nimewaza tangu siku ile, na bado nasema hakuwa mjinga. Wasichana wawili waliofeli mwaka ule wa wanne walikuwa majirani zangu. Mmoja ana watoto watatu sasa.

Alifunga mlango, akateremsha sauti.

"Mvue wa kwako," akasema. "Kimya kimya. Nitasema ana kidonda. Akae nyumbani akipenda, utamfundisha mwenyewe. Hawa wengine tuwaache wamalize mtihani, kisha nitamwita fundi, vitarekebishwa. Wewe ni mama, nakuelewa. Ila nami nielewe."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nikasema, "Ahsante, Mkuu."

* * *

Nilimbandua Ambwene kidonge jioni ileile kwa maji ya vuguvugu. Hakulia wala hakuuliza.

Nilidhani ni kama homa, itashuka. Haikushuka. Nilijiapiza kutompa mkia wowote na kutomwagiza chochote, nikiiacha njaa ya kuanza imshike yenyewe. Nilipakua chakula, nikakiweka mezani, nikanyamaza. Alikaa mbele ya sahani akinitazama mdomo mpaka wali ukapoa ukakauka juu. Ipyana akala, akamaliza, akanyoosha mkono akaanza kula cha dada yake. Dada mtu hakumzuia.

"Ambwene," nikasema. Sikuongeza neno.

Akasogea mbele, midomo imefunguka kidogo, anangoja. Mdomo wake ulikuwa kama wa kinda.

Nilivumilia siku hiyo na iliyofuata. Siku ya tatu nilimkuta amejikojolea kwenye kiti. Alikuwa anangoja nimwambie aende. Nikamwosha. Nikamkumbatia nikamwambia kula, akala. Kunywa, akanywa. Lala, akalala. Mimi nikatoka nje nikasimama nyuma ya jiko nikauma kanga yangu ili asinisikie.

Jirani yangu Mama Gwamaka alikuja na salamu zake za Kinyakyusa na sauti yake, ambayo hufika kabla yake. Mwanawe Gwamaka yuko darasa moja na Ambwene.

"Mwalimu! Ugonile! Nimeambiwa sikio la binti yako liko uchi. Mkuu anasema kidonda. Nimeleta majani, ya bibi yangu, hata jipu la farasi yanaponya."

"Ndaga, dada. Umewahi kumwona farasi wewe?"

"Sijamwona. Ndiyo maana nakuambia wamepona wote!" Akacheka, akaketi, akatazama huku na huku. "Yuko wapi nimpake?"

"Amelala."

"Mchana huu?" Akaacha kucheka. "Wa kwangu naye sijui kapatwa na nini. Juzi nilimtuma maji, nikaenda shambani. Narudi, mwe! Namkuta katikati ya uwanja na ndoo kichwani. Mvua imempiga, midomo imekuwa ya bluu, na ndoo imejaa hadi inamwagika. Nikamuuliza, unamfanyia nani maonyesho? Hasemi. Nikampa makofi. Mawili. Akabaki vilevile na ndoo yake. Nikampa la tatu."

"Usimpige," nikasema.

"Jeuri hiyo si ya kupigwa?"

"Si jeuri."

"Basi nini?"

Ningeweza kusema ni umri. Ameniamini miaka yote, angeniamini na hilo, angeninywesha na majani yake. Nilimtazama mikono iliyompiga Gwamaka, mikono iliyochubuka kwa kuchuma chai, nikamweleza yote. Kidonge, mkia wa neno, pipa, ndoo. Nikamwambia hakuna kidonda.

Akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo nimempiga bure," akasema.

"Hukujua."

"Wewe ulijua."

Nikainamisha kichwa.

"Zima basi. Zima vyote kesho."

"Wakizimiwa watafeli. Gwamaka pia."

Uso wake ukajifunga. Gwamaka alikuwa wa pili katika majaribio. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvuka darasa la saba, na Mama Gwamaka amekwisha kumshonea sare ya sekondari, naijua, aliniletea nikague pindo.

"Basi usizime," akasema upesi. "Afaulu kwanza. Afaulu, atazinduka huko mbele. Watu wanazinduka uzeeni, sembuse mtoto."

"Huenda asizinduke. Wa kwangu nimemvua, na unaona amelala mchana. Kila siku wanayokaa nacho, njia ya kurudi inazidi kuwa ndefu. Hilo nimeliona kwa macho."

"Lakini wako umemvua."

"Ndiyo."

Akasimama. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira, na hakuficha hata kimoja.

"Nisikilize, Mwalimu. Mimi sijasoma vya kutosha kukuchagulia. Ila najua hivi. Kama kitu ni kizuri, mrudishie wako. Kama ni kibaya, mtoe na wangu. Usije ukamwokoa wa kwako nyuma ya pazia huku wangu unamwimbisha darasani. Ukifanya hivyo, usiniite dada tena."

Aliniachia majani mezani.

* * *

Kesho yake nilimshika Ambwene mkono nikaenda naye shule. Nilimketisha safu ya tatu, mahali pake. Kulikuwa kunanyesha.

Kisanduku cha mwalimu, kinachoongoza vidonge vya darasa zima, kina kitufe kimoja cha kuzima, chini ya kifuniko. Nilikifunua. Niliwaza wasichana wale wawili. Niliwaza sare ya Gwamaka. Kisha nikamwangalia mtoto wangu, ambaye alikuwa ameketi nilipomketisha, mikono palepale nilipoiweka.

Nikabonyeza.

Ubao wa taa ukafa. Watoto walishtuka kidogo, wote kwa pamoja, kama mtu aliyepiga hatua akakuta ngazi haipo. Mikono ikaenda nyuma ya masikio.

"Vidonge vimezimwa," nikasema. "Havitawashwa na mimi tena. Mimi nimevizima, si mitambo, si mvua. Nyumbani mseme hivyo." Nikaandika swali ubaoni: Kwa nini mvua hunyesha zaidi Tukuyu kuliko mjini Mbeya? "Sijui nani atajibu. Sitawasaidia. Nitangoja."

Nikaweka chaki chini, nikafunga mdomo.

Kungoja ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Kila mshipa wa mwili wangu wa ualimu ulitaka kusema kwa sababu ya mili... Nilijiuma ulimi. Watoto walinitazama mdomo. Wengine walianza kutetemeka midomo. Mtoto mmoja wa nyuma akaanza kulia bila sauti, machozi tu, naye hakujua ayafute. Nikataka kumwendea. Nikabaki niliposimama. Mvua ilipiga, ikapungua, ikarudi. Niliwaza kwamba nimewaua wote, mtihani na watoto, vyote kwa asubuhi moja.

Mwakibete alikuja akagonga dirisha. Ofisini kwake ana ubao wake, aliona umekufa.

"Mwalimu Subilaga! Washa!"

Nikatikisa kichwa.

"Nafungua mlango!"

Nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Akaanza kuusukuma. Darasa likaendelea kunitazama mdomo, hata mlango hawakuugeukia. Hapo nilikaribia kushindwa. Nasema kweli, mkono wangu ulikwisha kurudi kwenye kisanduku.

"Mwalimu," sauti ikasema, nyembamba, imekwaruza. "Huyu amekalia sweta langu."

Alikuwa Sekela, msichana mdogo wa safu ya mbele ambaye sikumbuki kumsikia akisema neno zima mwaka huo. Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Nani?" nikauliza.

"Gwamaka. Nimemwambia kwa jicho hataki kutoka."

Gwamaka akageuka polepole kama mtu anayetoka usingizini. Akalitazama sweta, akamtazama Sekela.

"Muongo," akasema. "Halikuwa sweta. Lilikuwa tambara."

Mtu akacheka. Mmoja tu, nyuma kabisa, cheko la kukwama kama baiskeli yenye kutu. Kisha mwingine. Sekela akavuta sweta, Gwamaka akavuta, mshono ukachanika, Sekela akampiga na rula. Msichana aliyeketi jirani nao akasema muacheni, mwingine akasema asiachwe, na mvulana wa dirishani akauliza mbona mkuu anasukuma mlango, anataka kuingia darasa la saba? Wakacheka hiyo wengi. Wengine bado walikuwa wamekaa kimya, wengi, zaidi ya nusu. Lakini kelele ilikuwa imeanza, na haikuanzishwa na mimi.

Nikamtazama Ambwene.

Alikuwa ananitazama mdomo.

Kelele ilimpita kama maji yanavyopita jiwe. Mvulana mmoja aliangusha dawati karibu naye, Ambwene hakupepesa. Alikuwa wa kwanza kuvuliwa, na alikuwa amezama kuliko wote, kwa sababu nyumbani kwake mwalimu hakuisha saa nane masomo yalipokwisha. Alikuwa anapewa mikia asubuhi darasani na jioni jikoni. Chukua saha... Funga mla... Hilo sikuliona hata nilipomweleza Mama Gwamaka yote. Nililiona pale, katikati ya fujo.

Niliiacha meza. Nikapita katikati ya madawati, nikamsogeza msichana mmoja, nikaketi kwenye benchi kando ya mwanangu, magoti yangu yamegonga mbao. Akageuza uso kufuata mdomo wangu. Nikaweka kiganja changu mdomoni, nikauziba.

Akautazama mkono. Muda mrefu. Kisha macho, bila kuagizwa, yakapanda kidogo, juu ya vidole, yakafika kwenye macho yangu, yakakaa hapo.

"Mwalimu Subilaga!" Mwakibete alipiga mlango kwa ngumi. "Darasa lako lina fujo! Shule nzima inasikia!"

Nilimwacha agonge.